Mfuko Nambari Kumi na Saba

Jumatatu, 3 Februari 2025

Situlii. Ijumaa mwethya wetu, kikundi cha kujenga bwawa hapa Kola, unachagua mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye atakayeshika ufunguo wa pampu. Lazima niwe mimi. Si Munyao! Mtu anayesalimia hata mbuzi wa watu.

Kwanza kuna utafiti. Mwihaki, msomi wa uchumi kutoka chuo kikuu, anataka kujua kwa nini vijiji vingine hutunza maji pamoja na vingine hugombana. Kesho kila mtu atapewa vikombe kumi vya ndengu. Nyuma ya pazia utatia kiasi upendacho kwenye mfuko wenye nambari yako. Zinazobaki ni zako. Za mifukoni atazichanganya, aziongeze ziwe mara mbili, kisha tugawane sawa. Nambari ni siri. Siri! Nimesahau chai mpaka ikapoa.

Jumanne, 4 Februari

Nimepiga hesabu nikizunguka zizi. Tuko ishirini. Wenzangu wakitia zote nami nisitie hata punje, nitapata vikombe ishirini na tisa. Wao kumi na tisa. Ila mfuko mtupu utaonekana. Dawa: mchanga wa mtoni, ndani ya koti la marehemu baba. Syombua, mke wangu, aliuliza koti la nini kwenye jua hili. Nikamjibu viongozi huvaa koti.

Jioni. Safi kabisa! Mchanga uko mfukoni, ndengu ziko kotini. Nilipata nambari 17. Syombua alikuwa nyuma yangu kwenye foleni, akapata 18, na ameshatangazia kijiji kizima. Yule hana siri.

Alhamisi, 6 Februari

Balaa! Mwihaki amesoma matokeo. Wengi walitia vikombe vinane, tisa. Nambari 17, mchanga. Ukumbi mzima wa kanisa ukaguna. Masikio yaliniwaka moto, nikaona heri niwe wa kwanza kupiga kelele. Nikasimama, nikasema huyo 17 ni mwizi wa maji ya watoto wetu, na mgao wake uzuiwe! Makofi! Kasiva, mweka hazina, akasema hiyo ndiyo sauti ya mwenyekiti. Mwihaki alipinga, akasema utafiti hauaibishi mtu na jina hatalitaja. Tukapiga kura. Azimio langu likapita.

Ijumaa, 7 Februari

Sijaketi tangu asubuhi. Mifuko ya mgao ilipangwa nyuma ya pazia, kila mmoja na nambari yake. Ule wa 17 Kasiva akautoa. Hapo ndipo akili iliponijia: wote watatoka na mfuko isipokuwa mtu mmoja. Mimi! Nani alileta azimio la kijinga namna hii?

Zamu yangu ikafika. Nikanyakua mfuko uliokuwa karibu, nikautupa begani, nikatoka nikitabasamu. Akaingia Syombua. Akatoka mikono mitupu. Watu wote wakamgeukia mke wangu, na mimi nikanyamaza. Akaangalia bega langu, akasema bila kupandisha sauti, "Onesmus, huo ni wangu. Hata nambari iko hapo."

Munyao, kura kumi na tisa. Mimi, moja. Mkono wa kwanza kuinuka kwa Munyao ulikuwa wa Syombua, na hapo niliumia kweli.

Jumatatu, 10 Februari

Syombua hasemi nami. Anaweka chakula mezani na kuondoka. Munyao amenipa kazi bwawani: kubeba mchanga, eti nina ujuzi. Walicheka wote.

Mwihaki alikuja kuaga. Akaeleza kwamba watu wakiona mmoja hachangi, mara ya pili nao hupunguza, na hivyo ndivyo maji ya wengi huharibika. Atarudi Agosti kurudia mchezo aone tumefika wapi. Akaniuliza kwa upole nimejifunza nini. Nikamwambia mengi sana.

Kwa mfano, mchanga haufai. Agosti nitatia maganda ya ndengu. Gunia la kwanza limeshajaa, na kwenye foleni nitasimama mbele ya Munyao: mara hii mfuko wa karibu utakuwa wake.