Korongo Amesimama Kufunga Kiatu

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Balaa! Shakuru anataka kufuta Alhamisi.

Nje ya ukumbi wake wa video, hapa kwetu Kamenge, kuna ubao wa chaki chini ya ukingo wa bati. Kila siku ina jina la msimulizi, yule anayesimama na kipaza sauti kutueleza kwa Kiswahili filamu za watu wa mbali. Siku zote ni Shakuru. Alhamisi tu ni Aboubacar. Mume wangu alifariki mvua za mwaka jana, Mungu amrehemu, na jina lake bado liko pale, na ile herufi ya mwisho yenye mkia mrefu kama wa mjusi.

(Chaki haidumu mwaka mzima. Jumapili asubuhi, watu wakiwa hawajatoka, huwa naipitia mwenyewe. Hakuna anayejua. Mkia umezidi kurefuka kidogo.)

Shakuru kanikuta kwenye cherehani yangu. Kasema shemeji, usikasirike, Alhamisi mabenchi yanalala matupu, vijana wanataka mpira wa Ulaya. Nikasema mabenchi yatajaa. Kauliza yatajazwa na nani, majini? Nikasema yatajazwa na filamu.

Basi tumepatana. Alhamisi hii mabenchi yakijaa, na watu wakakaa hadi mwisho, jina linabaki. Wakitoka katikati, analifuta. Kwa heshima, kasema, lakini analifuta.

Kauliza filamu gani. Nikasema ya korongo. Kauliza korongo anapigana? Nikasema utaona.

Hapigani.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimeamka na mpango. Mpango safi kabisa!

Kwanza niandike filamu yenyewe nisije nikajichanganya. Ni katuni ya Wajapani, inakwenda taratibu kama ndoto ya mchana. Msichana mwenye mwavuli wa njano anaona ngazi ndani ya mvua. Anapanda. Juu kuna mji ambao watu wake hawana miguu, wanaelea kama nguo kwenye kamba. Mlangoni amekaa korongo mkubwa kama mtu, ana kofia, ana viatu vyeusi vya ngozi, ana muhuri. Hasemi kitu.

Diski tulikuwa nayo wenyewe nyumbani. Maneno yote ni Kijapani, bila maandishi chini. Aboubacar ndiye alinieleza. Yule korongo ni mtu wa duane, yaani forodha, pale mpakani Gatumba, alisema, anamzuia mtoto kwa sababu karatasi zake hazina muhuri wa pili. Wale wasio na miguu ni abiria waliosubiri mpakani mpaka miguu ikaisha. Nilicheka mpaka nikalia. Mwishoni korongo anamwonea mtoto huruma, anafunga ofisi, wanarudi wote nyumbani kula pilau. Pilau yenyewe haionekani kwenye picha. Aboubacar alisema ipo.

Tuliitazama kila mvua kubwa iliponyesha. Ukumbini hakuipeleka hata siku moja. Hii ni yetu, alisema.

Sasa mpango. Mtu mzima haji kuangalia katuni kwa kuambiwa ni nzuri. Lazima umpe anachokitaka. Kwa hiyo kila mteja nimempa filamu yake.

Massoudi, fundi wa pikipiki wa mlango wa pili, nimemwambia kuna mbio kali. (Kuna mkokoteni. Unateremka mlima.) Wauguzi wawili wa hospitali ya chuo, walioleta magauni kupunguzwa, nimewaambia ni mambo ya wagonjwa na madaktari. Wifi yangu Khadidja, dada yake marehemu, nimemwambia kuna harusi. Kuna gauni jeupe kwenye kamba. Gauni ni la nani, kama si la bibi harusi?

Jovithe, mwanafunzi aliyepanga chumba kwa Khadidja, anapenda sana katuni za huko. Kauliza aliyeitengeneza ni nani. Nikasema Mjapani.

Jumatano, 8 Oktoba

Maangamizi.

Diski haisomi! Nilikuwa nimeitunza ndani ya kanga ya harusi, kabatini, mwaka mzima, kama mtoto mchanga. Leo nimeipeleka kwa Shakuru kuijaribu. Mashine imeimeza, imekohoa, imeitema. Nimeipaka dawa ya meno, kama Aboubacar alivyokuwa akifanya. Nimeiosha kwa sabuni. Nimeisomea Bismillahi. Imetoka inanukia vizuri, lakini haisomi.

Shakuru hakucheka. Angecheka ningejisikia vizuri zaidi. Kaniambia tu, apana shemeji, hii imekwisha.

Nimekaa nyuma ya nyumba na diski mapajani. Niliona uso wangu ndani yake, na mikwaruzo. Mmoja ni wa siku ile alipoitoa kwa haraka akiwa na kijiko mkononi, kwa sababu umeme ulikuwa umerudi na hakutaka kungoja amalize kula.

Jovithe kanikuta hapo. Kauliza mwavuli wa njano? Korongo mwenye kofia? Kaingia kwenye simu yake. Kabla chai haijachemka, kaipata! Ileile! Tena yenye maandishi ya Kifaransa chini, kasema, Shakuru atayasoma na kuyageuza Kiswahili, kila mtu ataelewa.

Nimembusu mashavu yote mawili. Baada ya miaka yote hiyo, hatimaye watu watasikia vizuri habari za mtu wa duane.

Alhamisi, 9 Oktoba

Aibu. Aibu kubwa. Halafu jambo lingine, sijui niliiteje.

Mvua imeanza saa tisa alasiri, ile ya upepo. Mimi nikashukuru, kwa sababu watu walikimbilia ukumbini. Mabenchi yamejaa! Massoudi mbele kabisa na wanagenge wake, vijana wa gereji. Wauguzi na sare zao. Khadidja kajitia manukato kama anayekwenda harusini kweli. Shakuru kakamata kipaza sauti, mimi nikakaa pembeni nikimeremeta kama sufuria mpya.

Filamu ikaanza. Msichana, mwavuli, ngazi. Watu wakanyamaza. Vizuri!

Korongo akatokea. Nikamgonga Khadidja, nikamwambia huyo ni mtu wa duane. Hapohapo Shakuru akasoma maandishi ya kwanza: huu ni mji wa waliokufa, na mlinzi wake haruhusiwi kusema.

Nikasema Shakuru kakosea. Jovithe kasema apana mama, ndivyo ilivyoandikwa.

Yakaja ya pili, ya tatu. Hakuna duane! Hakuna Gatumba! Wale wasio na miguu ni marehemu, hawakusubiri muhuri wowote. Gauni jeupe ni sanda ya mtu. Khadidja kanigeukia polepole, na manukato yake yote. Ndiyo harusi hii, wifi?

Mkokoteni ukapita, taratibu, umebeba majani. Massoudi kapaza sauti: "Dada Mwanvua! Mbio ndiyo hii? Hata bibi yangu angeupita!" Ukumbi mzima ukacheka. Mmoja wa wanagenge kasema mutu mukubwa kama yeye hawezi kukalia benchi kwa ajili ya ndege. Kasimama. Wengine watatu wakasimama. Shakuru kanitazama, na mimi nikatazama mlango. Nje ilikuwa mvua tupu. Wakakaa tena. Mungu hunipenda kwa njia zake.

Mimi nilikuwa siangalii tena picha. Nilikuwa najiuliza niliishi na mtu wa namna gani. Filamu nzima kaitunga! Kila neno! Na shangazi kutoka Uvira, yule ambaye Aboubacar alisema anauza mawingu kwa kipimo cha kikombe, hayumo kabisa. Ni mti tu.

Halafu mwisho ukafika. Msichana akatazama viatu vya korongo, vile vyeusi. Akavitambua. Shakuru akasoma, na sauti yake ikapungua: ni baba yake. Amekufa zamani. Ilikuwa imebaki dakika moja ya kukaa naye, kisha ni lazima mtoto ateremke, baba abaki.

Akateremka. Ngazi ndefu, mvua, mwavuli wa njano, peke yake. Katikati aligeuka kutazama nyuma, na nyuma hakukuwa na mtu.

Ukumbini hapakuwa na sauti ila bati. Massoudi alikuwa ameinamisha kichwa, anajifanya anatafuta kitu chini ya benchi. Muuguzi mmoja alikuwa analia waziwazi. Na Shakuru, ambaye huwa anapiga kelele hata kwenye sala za mazishi za filamu za vita, alikuwa ameshusha kipaza sauti.

Pale hasa Aboubacar alikuwa akisema neno lake. Mimi nilikuwa nimelisahau mpaka nilipoiona ile ngazi. Sijui nilisimama vipi. Sikuchukua hata kipaza sauti. Nimesema tu, kwa sauti yake, kama alivyolisema sebuleni kwetu:

"Anakuja. Amesimama kidogo kufunga kiatu."

Massoudi, bado yuko chini ya benchi, kauliza kweli? Nikasema kweli. Viatu vya ngozi, kamba ndefu, na yeye ana mabawa, hana vidole. Itamchukua muda. Lakini mtoto ametangulia ili aweke sahani, na leo ni pilau.

Watu wakacheka, halafu wakapiga makofi, halafu wengine wakalia. Wamekaa hadi mwisho, wote, mpaka yale majina ya Kijapani yakamaliza kupanda.

Nimetoka nje nikiwa mshindi. Nikatazama ubao.

Upepo ulikuwa umeipiga mvua moja kwa moja ukutani. Ubao mweusi, safi, unametameta. Hakuna Shakuru, hakuna Aboubacar, hakuna hata Alhamisi.

Ijumaa, 10 Oktoba

Sikutoka asubuhi. Nimeshona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia, nikafumua, nikaurudia kosa hilohilo.

Nilikuwa nafikiri juu ya mara ya kwanza tulipoitazama. Tulikuwa tumemzika baba yangu wiki hiyo. Nilikuwa sili. Aboubacar kaleta diski kutoka sokoni, kasema ni ya kuchekesha. Hakujua Kijapani hata neno moja. Lakini alikuwa na macho. Aliiona ile ngazi, akaniona na mimi.

Huko nje kumekuwa na vita. Jovithe anasema filamu ni filamu, korongo amebaki, imeandikwa. Massoudi anasema waliosoma wana haraka ya kuua watu, yeye kasikia kwa masikio yake kwamba jamaa anafunga kiatu. Wanagenge wake wamegawanyika. Pikipiki ya mtu imekaa bila gurudumu tangu saa mbili kwa sababu ya korongo. Khadidja kapita kuniambia bado amekasirika juu ya harusi. Kisha kakaa. Kisha kauliza kama kaka yake aliwahi kusema pilau ilikuwa ya nyama gani. Nikasema ya mbuzi. Kasema alijua.

Baada ya sala ya Ijumaa Shakuru kaja, kanzu nyeupe, kipande cha chaki mkononi. Kaniambia siku zake zote ameshaziandika tena. Alhamisi imebaki.

Nikasema basi iandike, shemeji.

Kasema hawezi. Jina anaweza kuliandika, kasema, ila ule mkia wa mjusi haujui. Anayeujua ni yule mtu wa Jumapili asubuhi, na ndiye ambaye yeye Shakuru amekuwa akimwachia vipande vya chaki pale dirishani mwaka mzima huu, akidhani mtu huyo anashukuru.

Vile vipande! Mimi nilidhani anavisahau. Nilikuwa namsema moyoni kwa uzembe wake.

Nimeandika. Mkia umefika mpaka Ijumaa, na Shakuru kalisogeza jina lake.

Jumapili, 12 Oktoba

Asubuhi tulivu. Ziwa linaonekana kwa mbali, mvua imeliosha. Sikuwa na kazi ya chaki, lakini nimepita pale hata hivyo.

Kuanzia sasa msimulizi wa Alhamisi ni mimi. Nimekubali kwa sharti moja: filamu isiwe na maandishi. Maandishi yanaharibu. Jovithe kanipa nyingine ya haohao Wajapani. Bado sijaiona. Nimeona picha ya juu tu: nyangumi anaruka angani, mgongoni ana madirisha yenye taa.

Kanishauri niitazame kwanza kabla ya kuwaambia watu. Ushauri mzuri. Mtoto mwenye akili.

Massoudi nimeshamwambia kuna mbio, na safari hii za kweli. Wauguzi nimewaambia ndani ya nyangumi kuna wodi. Khadidja kauliza, kwa jicho kali, kama kuna harusi. Nimemwambia taa zote hizo za nini, wifi, kama si harusi? Kauliza kama nimeiona. Nimesema mara nyingi.

Shangazi wa Uvira nitamweka dirisha la tatu.

Mwisho wake nao naujua. Anarudi nyumbani. Hilo sihitaji kuliangalia.