Mama Mkwe Alipitia Nyuma

Leo nimevua heshima na nguo kwa mpigo mmoja. Wenye mbavu nyepesi wasisome.

Mke wangu ana mdogo wake, Naliaka, anayesomea fizikia chuo kikuu huko Bungoma. Mwaka wa tatu. Likizo hii wamepewa mafunzo makali: wanapima vitu visivyoonekana, kisha wanaandika programu ya kuvipigia hesabu kwenye kompyuta. (Mimi fizikia niliiacha kidato cha pili, na yenyewe haikunililia.) Yuko kwetu hapa Kitale, na juzi aliweka kisanduku sebuleni, akakiunganisha na kompyuta yake. Ati kinahesabu miale. Akasema nisikiguse.

Asubuhi alienda Misikhu kumchukua mama yao. Mama mkwe anakuja kwangu mara ya kwanza, kumshika mjukuu wake Wafula. Sasa kwetu mkwe na mama mkwe hawakutani ovyo. Hawashikani mikono, hawakai chumba kimoja. Akipata aibu kwangu, anageuka zake, na mtoto hamshiki mpaka wazee waitwe na mimi nitozwe kondoo. Kwa hivyo mpango ulikuwa mimi nijifungie sebuleni, yeye apitie nyuma, aingilie jikoni. Kazi yangu ni kukaa tu. Na kukaa ndiyo fani yangu.

Mke akaenda sokoni na mtoto. Mimi nikaona kisanduku kina vumbi, nikakipangusa. Kumbe nimebonyeza kitu.

Tik.

Nikaganda. Tik. Tik-tik. Nikakigeuza, na chini kuna kibandiko cha manjano chenye ile alama ya hatari ya vitabuni. Nikakielekeza kwa kiti changu: tik. Kwa ugali wa jana: tik-tik. Kwa kifua changu, bana: tik-tik-tik.

Nikampigia Naliaka, simu imezimwa. Nikakumbuka alichotusimulia mezani, kanuni ya kwanza waliyofunzwa maabarani: ukishuku umeguswa na kitu kibaya, vua nguo zote, jioshe kwa maji mengi, kisha upimwe tena.

Nikachomoa waya wa kompyuta (kumbe kina betri yake), nikabeba kisanduku hadi kwa mfereji ulio nyuma ya nyumba. Nikavua zote. Nikaoga, nikajipima: tik. Nikaongeza sabuni ya kufulia. Tik-tik. Nikajisugua kwa jivu na gunzi la mahindi. (Kuna sehemu ambazo hazikutaka gunzi.) Tik. Hapo nikaanza kulia kweli. Nilimwona Wafula akikua bila baba. Nikamwahidi Mungu kwamba nitaenda kanisani hata mvua ikinyesha.

Nikiwa hapo, jivu kichwani, geti la nyuma likafunguka.

Si mnajua nani alipangiwa geti la nyuma.

Mama mkwe, kitambaa kipya kichwani, kuku mkononi. Naliaka nyuma yake. Sikuwa na cha kujisitiri isipokuwa kisanduku. Nikakiweka panapostahili. Kikalia tik.

Mama mkwe akafunika uso kwa leso, akazunguka, akatoka. Kuku akaachwa ajitafutie njia.

"Shem," Naliaka akasema akiangalia ukuta, "mingi ya hiyo miale inatoka juu angani. Inapita kila mtu, kila siku, na haina shida. Hata ungepima kanisani ingelia."

"Na ile alama?"

"Hilo sanduku ni kuukuu, tulipewa maabarani; kibandiko ni cha vitu vilivyowekwa humo zamani. Sasa mwalimu nitamwandikia nini? Kwamba hesabu ilikatika shemeji akioga?"

Mke wangu aliporudi alipita na mtoto moja kwa moja hadi kwa jirani, ambako mama yake alikuwa amekimbilia. Nikajifungia chumbani, blanketi hadi masikioni. Miale nilikuwa nimeisahau. Niliogopa kitu kimoja tu: mama mkwe arudi Misikhu bila kumshika Wafula, na mimi niishi na mke wangu baada ya hapo.

Sasa hivi Naliaka amebisha dirishani. Wazee wameitwa, mtoto ameshikwa hukohuko kwa jirani, na amelala mikononi mwa nyanya yake. Kondoo wa kutoa hiyo aibu nitamtafuta, hakuna ujanja. Halafu akasema ametumwa kwangu.

"Mama anauliza, kwani huku Kitale hamli? Ati mkwe wake amekonda sana."

Wakuu, mimi nilimwona amefunika uso. Amejuaje?