Ekzosi Mpya na Mazishi ya Vudee

Leo nimeaibika mbele ya kaburi.

Baba mkwe alikuwa anawahi Vudee, juu milimani, kumuaga marehemu kaka yake kabla jeneza halijafungwa. Gari la msiba lilikuwa na nafasi pale Same. Nikamwambia, "Baba, panda kwangu, tutawatangulia kwa njia ya mkato." (Kiherehere.) Nina pikipiki kubwa ya safari, na juzi nilifunga ekzosi mpya, bomba la moshi fupi, lililo wazi.

Fundi alinionya. "Ukifunga hii bila kurekebisha kabureta, mwendo wa chini utakosa nguvu. Tambarare itakimbia. Mlimani utanikumbuka." Nikamwambia kazi ya kabureta aiache, na bei apunguze. Akapunguza haraka mno. Ningepaswa kushtuka hapo.

Kwenye lami tulipaa. Mlima ulipoanza, ikabaki kelele. Nikipunguza mwendo kwenye kona, injini inakosa pumzi. Nikikaza mafuta, inanguruma bonde zima na hatusogei. Nikatafuta gia ya chini zaidi. Tayari nilikuwa gia namba moja (nilihesabu mara mbili).

"Mbona inalia hivi?" baba mkwe akauliza.

"Inapata moto, baba."

"Tangu Same?"

Kona ya tano ikazima, haikuwaka tena. Mtandao hakuna. Kuiacha porini sikuweza. Nikamwomba mzee atangulie kwa miguu.

"Mkwe haachwi njiani," akasema. Akavua koti la suti, akaanza kusukuma nyuma. Kona zilizobaki zilikuwa saba. Nazo nilizihesabu mara mbili.

Tulipofika, watu walikuwa wanaweka mashada. Juu ya udongo.

Shemeji yangu akaja kutupokea, macho chini. "Tuliwasubiri, baba. Tuliisikia pikipiki tangu bondeni, mchungaji akasema tungoje. Halafu ikanyamaza. Tukajua imewashinda, mmerudi. Na mvua ndiyo ile inakuja, tukazika."

Mzee alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akasogea kwenye kaburi. "Kaka, nimefika," akasema.

Kisha akanigeukia. Hakufoka, na heri angefoka. "Mwanangu, ungeniambia tunatembea, ningeondoka jana."

Amerudi Same na gari la msiba. Mimi nimeshuka peke yangu, injini imezima, watu wananipisha kwa heshima kama mfiwa.

Mkicheka, chekeni taratibu. Kuteremka inakwenda vizuri sana.