Barabara Saba za Bwana Pasi

Bango liliporudishwa dukani mara ya tatu, Pasi alishusha gazeti akaanza kusikiliza vizuri.

Duka lilikuwa la dada yake, fundi wa mabango, na Pasi alipenda kukaa humo asubuhi ili wapita njia wadhani ana shughuli. Jina la Pasi alipewa kwa sababu ya suruali zake, maana mkunjo wake ulikuwa mkali hata ungekata kitunguu. Kazi yake, tusimung'unye maneno, ilikuwa kuwauzia watu vitu visivyokuwepo, na kwa miaka kumi na mitano alikuwa ameifanya kwa bidii na nidhamu ya hali ya juu.

"Mama, herufi zangu ni ndogo kuliko za huyu wa juu yangu," alilalamika mzee wa miwani aliyelibeba bango kwapani. "Nimepima kwa rula."

"Profesa, majina yote saba nimeyaandika kwa kipimo kimoja."

"Na mimi nakwambia nimepima!"

Bango lenyewe lilikuwa la mlango wa Chama cha Wanazuoni wa Masomo ya Miji, na majina yale saba ndiyo halmashauri kuu. Mara ya kwanza lilirudi kwa sababu waligombania nani atangulie. Mara ya pili lilirudi kwa sababu mmoja alikuwa na "Profesa Dokta" na wengine sita wakahoji kwa nini wao wawe na "Profesa" mtupu. Mzee alipoondoka, Pasi alikuwa anatabasamu peke yake.

"Dada, hawa watu wanayapenda majina yao."

"Na mimi nawapenda wateja wangu. Waache."

"Nitawauzia barabara."

Dada aliweka brashi chini. Ndiye aliyemlea tangu akiwa mdogo, na alikuwa amechoka kuwadanganya shangazi zao kwamba mdogo wake anafanya kazi "ofisini".

"Haya, sikiliza wewe. Hili ni la mwisho. Likikaa sawa, sitakuuliza habari ya kazi mpaka nazikwa. Likiharibika, unavaa aproni hapa dukani. Saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja, unakwangua kutu kwenye mabati. Kila siku ya Mungu."

Kufukuzwa na mbwa Pasi alishafukuzwa, kuruka dirisha alisharuka, lakini saa mbili asubuhi! Kila siku! Alikubali shingo upande.

Alhamisi saa nane mchana aliingia kwenye kikao cha halmashauri kuu akiwa na mkoba, tai, na uso wa mtu anayetumwa na wakubwa. Chumba kilikuwa na meza ndefu, chupa mbili za chai, na vitabu vilivyorundikana mpaka vikaziba nusu ya dirisha. Alijitambulisha: Ofisa Majina, Mamlaka ya Mji Mpya.

"Mji wetu utajengwa kwenye bonde lile nyuma ya vilima," alisema taratibu, kama anayetoa siri. "Utakuwa na barabara kuu saba. Na Mamlaka imeamua, waheshimiwa, kwamba safari hii hatutaki majina ya wanasiasa. Tunataka majina ya watu wanaoifikiria miji."

Wanazuoni saba walikuwa wakihesabu mpaka saba.

"Za njia mbili au nne?" akauliza yule wa miwani, ambaye kumbe alikuwa bingwa wa masoko.

"Nne. Na taa katikati."

"Zina urefu sawa?" akadakia mwingine.

"Kuna moja imezidi kidogo," Pasi alisema, akainamisha macho, na pale pale wote saba wakaanza kumwita "ndugu yetu".

Kilichohitajika ni mchango mdogo tu wa nguzo za majina. Mwenyekiti, mama mpole aliyetumia maisha yake yote kuchunguza mitaro ya maji machafu, alivua miwani akaifuta kwa kanga ya begani.

"Ni jambo jema mno. Mimi ningelipa leo hii."

Pasi alishafungua mkoba.

"Ila katiba yetu ni moja. Hatuungi mkono jambo lolote bila andiko lake kupita kwa wahakiki. Tuletee kurasa chache kuhusu huo mji. Na ramani. Watalisoma wahakiki wawili wasiojulikana."

Pasi aliangaza macho mezani. Walikuwa watu saba, na wote walijulikana.

Tapeli mwenye akili timamu angekula kona hapo hapo. Lakini jamani, mtu akishakwambia angelipa leo, miguu inakuwa mizito. Pasi alienda kuandika kurasa tatu tamu kama sharubati, akachora na ramani kwa kalamu za rangi za dada yake.

Zilirudi na kurasa kumi na moja za maoni. Mhakiki wa kwanza alisema andiko ni zuri. Mhakiki wa pili alisema: "Mwandishi hatuambii maji ya mvua yataelekea wapi." Kisha: "Muuza nyanya atakaa wapi?" Kisha: "Kutoka barabara ya tatu hadi kituo cha basi ni dakika ngapi kwa mtu aliyebeba mtoto?"

"Huyu mtu ana roho mbaya!" Pasi alifoka dukani.

"Ana swali," dada alisema. "Kwani ni dakika ngapi?"

Pasi hakujua. Na uongo aliojaribu kuutunga ulikataa kukaa sawa, maana kila alipoisogeza barabara, muuza nyanya alibaki njiani. Mwisho alivuka vilima mwenyewe, akashuka bondeni na kamba ya kupimia. Alirudi na tope mpaka magotini, na ule mkunjo wa suruali ukawa historia. Kesho yake akashinda sokoni akiwauliza wauzaji kwa nini wanang'ang'ania kukaa kwenye kona. Walimweleza vizuri, tena kwa kirefu, mpaka daftari likajaa.

Hapo katibu wa chama akamnong'oneza kwamba andiko la mtu asiye mwanachama halihakikiwi mara ya pili. Kulikuwa na ada ndogo ya uanachama. Pasi akalipa, ndogo kitu gani mbele ya barabara saba? Ikafuata ada ya uhakiki. Akalipa. Likarudi andiko na maneno "marekebisho madogo", na hayo madogo yakamla siku tisa. Alichora mitaro. Akaifuta, akaichora upya. Siku moja dada alimkuta amelala kifudifudi sakafuni, anamwaga maji kwa kijiko juu ya udongo alioupanga kama bonde, anahesabu kwa midomo.

"Unafanya nini?"

"Usinisemeshe, mvua inanyesha."

Barua ya kukubaliwa ilipofika, Pasi alirukaruka dukani akamkumbatia dada yake na rangi mbichi zote. Chini ya barua kulikuwa na mstari mmoja: ada ya uchapishaji. Hiyo ilimaliza akiba yake yote.

"Profesa, nani duniani hulipa ili kazi yake mwenyewe ichapishwe?"

"Sisi sote," bingwa wa masoko alijibu kwa huzuni ya kweli. "Mimi nalipa tangu nina nywele."

Angesimuliwa kisa hiki kuhusu mtu mwingine, Pasi angecheka mpaka mbavu zimuume. Toa kidogo, upate kikubwa: hiyo ndiyo iliyokuwa ikimlisha miaka yote. Akalipa.

Alhamisi ya mwisho jarida lilikuwa mezani, bado linanukia wino. Pasi alikohoa kidogo, akaweka tai sawa.

"Waheshimiwa, sasa ule mchango wa nguzo za majina..."

"Ndipo ulipotuponya, mwanangu!" Mwenyekiti alifungua jarida. "Ukurasa wa kumi na tisa. Umethibitisha mwenyewe, kwa vipimo, kwamba maji yote ya vilima yanashukia pale. Bonde lile halibebi barabara pana hata moja. Hata nusu!"

Pasi alisoma ukurasa wa kumi na tisa. Ilikuwa kweli tupu. Alikuwa ameiandika vizuri sana, tena kwa mchoro.

"Tungetoa hela zetu siku ile, tungekuwa tumeingizwa mkenge," alisema bingwa wa masoko. "Hiyo Mamlaka yako ni matapeli, ndugu yetu. Wakimbie."

"Nitawakimbia," Pasi alisema kwa sauti ndogo.

Ndipo mama wa mitaro akasimama, akaanza kupiga makofi, na wale sita wakasimama nyuma yake. Viti vilikwaruza sakafu. Mmoja alipiga meza kwa kiganja. Pasi akabaki amesimama katikati, hajui mikono aiweke wapi.

Jioni alirudi dukani na jarida kwapani. Dada alikuwa anaosha brashi.

"Wamekupa ngapi?"

"Nimewapa mimi."

"Umewapa! Mara ngapi?"

"Tatu. Dada, walikuwa na risiti. Zina mhuri."

Dada alicheka mpaka akakalia kopo la rangi, akacheka tena machozi yakamtoka, akapiga kelele jirani wakachungulia. Pasi hakukasirika. Alisubiri amalize.

"Walisimama wakanipigia makofi," alisema. "Miaka kumi na mitano nadanganya watu, nadanganya kwa ufundi, hakuna hata mmoja aliyewahi kusimama."

Dada alijifuta macho. Kisha akalichukua jarida, akavuta kiti.

"Hebu nionyeshe hiyo mitaro," alisema. "Halafu ukalale mapema. Kesho saa mbili."