Maksai Wawili kwa Pikapu ya Muuguzi

Jumamosi, 8 Agosti 1987. Kanyangi.

Likizo, na tayari nina cheo! Baba ameamua kununua pikapu. Si mpya, lakini ni pikapu. Atabeba ndengu zetu mwenyewe mpaka Kitui badala ya kuwabembeleza wachuuzi. Ili aipate atatoa Ndune na Kanali, maksai wetu wa kulimia, pamoja na akiba ya mavuno. Susu, yaani nyanya yangu Syokau, mama yake Baba, aliuliza tutalima na nini mvua ya Oktoba ikija. Baba akasema pikapu italipia trekta. Susu akauliza trekta ya nani. Baba akatazama mawingu. Mawingu hayakuwapo.

Tangu hapo Susu hasemi na Baba. Anasema na Kanali, kwa sauti ambayo Baba anaisikia.

Mimi nimefanywa mkaguzi. Baba aliishia darasa la nne, mimi niko Kidato cha Pili. Alisema kila gari la maana lina kitabu chake cha sevisi, kinachoonyesha lilitengenezwa lini na nani, na kwamba mimi nitakisoma. Nimechukua daftari jipya na kuandika juu yake UKAGUZI. Nimepiga mstari kwa rula. Mwalimu wetu, Bi. Kalondu, hutuambia kila Ijumaa kwamba daftari safi ni moyo safi. Nitayapima magari yote kwa kanuni hiyo.

Siri: shule ikifunguliwa Septemba nitafikishwa langoni kwa pikapu. Sanduku la bati nyuma, mimi mbele. Kalunde, binti wa shangazi, atakuwa anapanda kile kilima kwa miguu, sanduku kichwani. Nitampungia mkono. Polepole.

Jumatatu, 10 Agosti.

Kitui mjini na Baba. Tumeona pikapu ya kwanza, kwa Mzee Rashid, mfanyabiashara aliye nyuma ya msikiti. Aibu tupu!

Kitabu chake cha sevisi kina alama za vidole vya mafuta kila ukurasa. Kalamu za rangi tatu. Miandiko minne. Mahali pengine fundi amekata neno na kuandika juu yake! Ukurasa mmoja una doa la chai. Mwingine umeandikwa kwamba breki zilikuwa mbaya na mwenyewe akaambiwa. Nani huandika mambo ya aibu kama hayo ndani ya kitabu cha kudumu?

Kisha mzee mwenyewe akaanza kuisema vibaya mali yake. Akamwambia Baba kwamba gia ya pili ni ngumu asubuhi, kwamba giaboksi ilibadilishwa mwaka juzi, na kwamba tairi moja halitamaliza mwaka. Akataja jina la fundi, na duka lake liko wapi, ili twende tukamuulize. Nikamnong'oneza Baba kwamba mtu anayejivua nguo barabarani haombwi shuka. Mzee Rashid alisikia. Alicheka mpaka kofia ikasogea. Akasema, "Binti yangu, gari lisilo na kasoro halijatoka kiwandani."

Unadhifu: alama tatu kwa kumi. Nimeandika kwa wino mwekundu, "Jitahidi zaidi."

Hatukwenda kwa fundi. Ya nini?

Jumatano, 12 Agosti.

Tumeipata!

Bwana Ndululu ana yadi ya magari nje kidogo ya mji. Suti ya kijivu, kalamu mbili mfukoni. Kalamu mbili! Pia hununua ng'ombe, kwa hiyo Ndune na Kanali hawatamsumbua. Pikapu ni ya rangi ya maziwa, imeng'arishwa mpaka nikajiona kola.

Alieleza kwamba ilikuwa ya muuguzi wa misheni kule Kyuso, mama mcha Mungu, aliyeiendesha Jumapili tu, kwenda ibada na kurudi. Nikaomba kitabu. Alikitoa ndani ya bahasha. Ndani ya bahasha!

Sijaona kitu kizuri kama kile. Sevisi kumi na saba kwa miaka sita, kila moja kwa mwandiko uleule, wima, herufi zote zimesimama mstarini kama gwaride. Fundi mmoja, kalamu moja, miaka sita. Uaminifu wa ajabu! Hakuna doa. Nilipogusa ukurasa wa mwaka 1981 kidole kikawa buluu. Wino bora. Miaka sita na bado mbichi.

Sikuacha kuuliza maswali magumu. Kitabu kinasema sevisi ya mwisho ilikuwa kwenye kilomita 45,000, lakini mita ya mwendo pale mbele ya dereva inasoma 28,140. Nikamuuliza Bwana Ndululu mbele ya Baba. Hakutetereka. Alisema kitabu kinahesabu kilomita na mita inahesabu maili. Nikazidisha kwa tano, nikagawa kwa nane, papo hapo kwenye kiganja. 28,125! Imelingana, isipokuwa maili kumi na tano, na hizo ni za ibada ya mwisho. Ni kweli kwamba kwenye mita pameandikwa km. Bwana Ndululu alieleza kwamba pikapu ni ya Kifaransa, na hivyo ndivyo Wafaransa wanavyofupisha maili. Sikujua. Nimeandika.

Mlango wa nyuma ulikataa kufunguka. Alisema huo ni ushahidi kwamba haukufunguliwa mara nyingi, maana muuguzi alibeba Biblia tu. Ndani mna harufu ya beberu. Ni dawa ya hospitali.

Bwana Ndululu aliniagizia soda, akamwambia Baba kwamba msichana huyu atakuwa hakimu. Nilijaribu kutotabasamu, kwa sababu mahakimu hawatabasamu.

Alama kumi kwa kumi. Baba amekubali. Jumamosi, siku ya soko hapa Kanyangi, pikapu inakuja na maksai wanakwenda.

Alhamisi, 13 Agosti.

Susu amezungumza. Alimwambia Baba, "Nzioka, ng'ombe hanunuliwi kwa kusifiwa na anayemuuza. Umeuliza alikolishwa?" Baba akasema hii si ng'ombe. Susu akasema basi asiilipe kwa ng'ombe.

Kisha akanigeukia mimi, akauliza nimeona nini kwenye miguu yake. Nikamweleza kwa upole kwamba gari halina miguu, Susu, lina tairi, na tairi ni mpya. Akasema hakuuliza viatu. Akaeleza kwamba wachuuzi wa ng'ombe husugua pembe kwa tupa ili mikunjo ipotee na ng'ombe mzee aonekane kijana, lakini kwato hazidanganyi, na aliyemchunga hadanganyi. Niliheshimu maneno yake kwa sababu ni mzee. Halafu nikamsomea sevisi kumi na saba nilizonakili. Alilala kwenye ya sita.

Kalunde alikuja jioni kuazima chumvi. Alitazama kidole changu chenye buluu, akauliza ni wino gani haukauki kwa miaka sita. Wivu! Mwandiko wake mwenyewe huinama kama mhindi wenye kiu.

Baba amewafunga Ndune na Kanali karibu na nyumba. Nimewapa magunzi. Ndune alinilamba mkono. Nilimwambia ajikaze. Ni kwa ajili ya maendeleo.

Jumamosi, 15 Agosti.

Siku ndefu. Nitaandika ilivyokuwa, kwa utaratibu, ingawa watu hawakufuata utaratibu.

Bwana Ndululu alifika saa tatu, akaegesha bondeni, chini ya mnada wa mbuzi. Baba alikuja na maksai. Mimi na daftari. Kalunde na midomo yake. Susu hakusalimia mtu. Alivua viatu, akapanda akakaa kwenye kiti cha dereva, akashusha mguu. Tukangoja. Kisha akamwita Baba aje aguse.

Ile mipira ya kanyagio, ya breki na ya klachi, imelika mpaka chuma kinang'aa kama sarafu. Kando imebaki myembamba kama ganda la kitunguu. Susu akasema, "Pembe wamesugua. Kwato hizi hapa. Huyu muuguzi alikuwa akisali na miguu?"

Soko likacheka. Bwana Ndululu akasema mama yule alikuwa na viatu vya visigino. Jibu zuri! Nililiandika. Baba hakuliandika. Alikuwa ameikaza kamba ya maksai mkononi.

Hapo wakashuka wachuuzi wa mbuzi waliotoka Kyuso. Mmoja, mrefu, anaitwa Muli, akasimama ghafla, akarusha mikono juu. "Kikohozi! Bado unaishi?" Nilidhani anamsalimia mgonjwa. Alikuwa anaisalimia pikapu! Akaizunguka akiipapasa. Akasema hiyo ndiyo iliyobeba mbuzi wao kutoka Kyuso hadi Mwingi, kila siku, miaka tisa, mpaka wakachoka kuisukuma.

Nilijua wajibu wangu. Nikapanda juu ya jiwe, nikafungua kitabu cha sevisi, nikamsomea Muli sevisi zote za mwaka 1984 kumwonyesha kwamba amekosea gari. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akaenda nyuma, akaupiga goti ule mlango, chini kidogo ya kishikio, mara mbili, na ukafunguka. Kinyesi kikavu cha mbuzi kikamwagika kama maharagwe.

Soko lote likainama kutazama. Halafu likaangua kicheko.

Bwana Ndululu akasema milango yote ya aina hiyo hufunguka kwa goti. Susu akamuuliza na hicho ni cha muuguzi? Mzee mmoja akasema labda alikuwa anawaombea mbuzi. Baba akasema neno moja tu, "Sitoi." Akawageuza Ndune na Kanali. Susu alimshika bega, wakasimama hivyo, na sikuona sababu ya kuandika zaidi hapo.

Bwana Ndululu akapanda kwa hasira, akawasha. Pikapu ikakohoa. Akawasha tena. Ikakohoa, ikanyamaza. Muli akasema ndiyo maana ya jina. Na bonde ni bonde. Saa nzima ilipita, na hatimaye suti ya kijivu ikaja kwa Baba, kofia mkononi, kumwomba ng'ombe.

Baba akamtazama Susu. Susu akasema mgeni hafukuzwi, husindikizwa. Wakafunga mnyororo. Ndune na Kanali wakaivuta pikapu ya muuguzi kutoka bondeni, kupitia katikati ya soko, hadi barabara kuu, watoto wakiimba nyuma. Mimi nilipanda mbele, kando ya Bwana Ndululu, kwa sababu mtu alihitajika kukishikilia kitabu kisichafuke. Tulipompita Kalunde nilimpungia mkono. Polepole.

Alikuwa amekaa chini, amejishika mbavu. Nadhani alizidiwa na wivu.

Jumanne, 18 Agosti.

Baba na Susu wamekwenda Kitui kwa yule fundi aliyetajwa na Mzee Rashid, na kutoka kwake wakaenda kwa Mzee Rashid mwenyewe. Sikualikwa. Susu aliingia akavua viatu tena. Inasemekana mipira ya kanyagio ni ya umri wake halali, na fundi anakumbuka hata siku ya doa la chai. Mzee Rashid atatungojea mpaka tuvune ndengu za Februari. Maksai wanabaki. Mvua ikija tutalima. Nimefurahi, ingawa Septemba nitakipanda kile kilima na sanduku kichwani, na Kalunde amesema atatembea nami polepole, ili watu wapate kunitazama vizuri.

Nimetafakari kosa lilikuwa wapi. Nimeliona! Kosa si kitabu. Kitabu kilikuwa kizuri. Kosa ni kwamba Ndune na Kanali hawakuwa na karatasi hata moja, ndiyo maana kila mtu alishughulika na kwato. Haiwezekani kuendesha mambo hivi.

Kwa hiyo leo, nyumba ikiwa tupu, nimekaa nikawatengenezea kitabu. Kuogeshwa dawa ya kupe, chanjo, kukatwa kwato, majira ya kulima, yote kwa tarehe, kuanzia mwaka 1981. Pale nisipojua tarehe nimechagua Jumatatu, maana inapendeza. Mwandiko mmoja, kalamu moja, hakuna doa. Kanali nimempunguza miaka miwili kwa sababu ukurasa ulikuwa umejaa. Mwishoni nimeweka sahihi ya daktari wa mifugo, nzuri sana, niliyoibuni mwenyewe.

Siku Baba akitaka kuwauza, mnunuzi hatakuwa na swali. Nimekiweka kwenye bahasha. Kidole kimekuwa buluu tena.

Wino bora kabisa.