Nani Baba wa Kundi Hili

Jumatatu, 3 Machi

Habari kubwa kambini. Mkuu wa madereva anastaafu Ijumaa. Cheo chake kinabaki wazi. Na nyumba yake! Vyumba viwili, jiko lenye sinki, baraza inayotazama kichaka. Nimeipita mara tatu leo nikijifanya natafuta kofia.

Tunaowania ni wawili. Mimi, miaka kumi na minne nawazungusha wageni mbugani. Na yule tunayemwita Profesa, miaka mitatu tu kazini, anayelala kitanda cha juu yangu bwenini na kusoma vitabu vya wanyama huku akitafuna karanga. Makombo yote yananiangukia mimi.

Nyumba hii lazima niipate. Mke wangu anaishi mjini kwa mama yake, pamoja na shemeji zangu wawili, wadogo zake. Mimi nakwenda mwisho wa mwezi, siku tatu. Naonyeshwa pa kuweka viatu, pa kukaa, na taulo ipi si yangu. Miaka sita ya ndoa! Mke anasema nikipata pa kumweka atakuja. Mama mkwe anasema binti yake hatoki kwenda kukaa porini na mtu asiye na mpango.

Mpango ninao. Jumamosi ni Siku ya Jamaa: mara moja kwa mwaka kambi inawatembeza ndugu wa wafanyakazi kuona wanyama. Mwaka huu Bi Meneja atapanda gari langu na la Profesa kutusikiliza, kisha achague mkuu. Nimewaalika wote wanne. Mama mkwe ataona kwa macho yake kwamba hata porini kila familia ina baba mmoja anayeiongoza. Atamwachia binti yake. Bi Meneja naye atausikia ufasaha wangu. Kazi moja, faida mbili.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi kwa wageni. Mume, mke, na binti wa miaka minane hivi mwenye maswali mengi. Tukapata tembo kumi na mmoja wakivuka barabara. Mbele yao mmoja mkubwa, sikio limechanika. Nikazima injini. Nikasema kwa sauti nzito kwamba huyo ndiye baba. Akisimama wanasimama, akitembea wanatembea. Mume akaitikia kwa kichwa, kwa heshima. Raha!

Ndipo ndama akaja, akapenya kati ya miguu ya mbele ya baba, akaanza kunyonya.

Binti akauliza kwa nini baba ananyonyesha. Nikasema wanacheza. Akasema maziwa yanadondoka. Nikasema ni jasho. Mama yake alicheka mpaka akateleza kwenye kiti.

Hilo lingepita. Kumbe muda wote huo nilikuwa nimekalia kipaza sauti cha redio ya gari, kitufe kimebanwa. Magari yote mbugani yamesikia, na jikoni pia. Mpishi amenipakulia chakula akiniita Baba Maziwa.

Profesa hakucheka. Alinieleza kwa upole kwamba tembo huongozwa na bibi, na wanaomfuata ni dada zake, mabinti zake na wajukuu. Madume wakishakua hutoka wakajitegemee. Nikamwambia najua. Na kweli najua. Nilichotumainia ni kwamba wageni hawajui.

Jumatano, 5 Machi

Nimeachana na tembo. Simba! Nimewakuta penye mawe mekundu: majike watano, watoto, na dume mmoja mwenye manyoya shingoni kama blanketi. Majike wameangusha nyumbu. Dume akaamka, akawasogeza wote, akala wa kwanza. Nilitaka kumpigia makofi. Huyo ndiye wangu wa Jumamosi.

Tatizo, Profesa asije akanitangulia. Wakati wa chai nikamnong'oneza kwamba simba wote wamehamia kaskazini, kwenye lile bwawa lililokauka. Mahali ambapo sijaona hata swala tangu mwaka jana. Akanishukuru sana. Akasema mimi ni kaka yake hasa. Nikajisikia vibaya kwa dakika mbili hivi.

Fundi wa magari, ambaye sikujua kama yupo, akachomoza kichwa chini ya gari. Akasema wale majike ni mama, mabinti na mama wadogo; wamezaliwa pale na watazeekea pale. Dume ni mpitaji. Akija mwenye nguvu kuliko yeye, anafungasha. Nikamwomba arudi chini ya gari.

Alhamisi, 6 Machi

Nimepitia wanyama wengine, wawe akiba. Fisi: mkuu ni jike, dume anakula mwisho. Nimewafuta. Ngiri: mama na watoto, baba hajulikani aliko. Nimewafuta. Twiga: kila mmoja na lake. Pundamilia ni wazuri, dume mmoja na majike zake. Nikampigia mke simu kumsimulia habari za bwana mwenye wake watano wanaoelewana. Akaniuliza nina maana gani. Nimewafuta pundamilia.

Mbuga nzima imekaa kama nyumbani kwa mama mkwe.

Jumamosi, 8 Machi

Wamefika asubuhi. Mama mkwe akakaa kiti cha mbele bila kuuliza. Mke, shemeji na Bi Meneja nyuma.

Hatujamaliza kilomita mbili, mke akanigusa bega. Kando ya barabara, mdomoni mwa shimo lao, walikaa mbweha wawili, dume na jike. Watoto wanagombania panya, wazazi wanarambana masikio.

Akasema taratibu, "Simama kidogo, mwenzangu. Nataka kuwaangalia hawa."

Nikamwambia mbweha wapo kila mahali, simba hawamsubiri mtu. Nikakanyaga mafuta. Kwenye kioo nilimwona amegeuka nyuma, anaangalia vumbi letu.

Simba walikuwepo! Dume amelala chini ya mti, mkubwa, mzuri. Nikaanza. Nikasema huyo ndiye nguzo, mlinzi, mwenye kauli ya mwisho. Nikatia chumvi kidogo kuhusu hekima yake. Jike mmoja akaja, akamngurumia. Dume akaamka, akahamia kivuli kingine. Akaja jike wa pili, akamngurumia. Akahama tena. Wa tatu hakunguruma, alimtazama tu. Dume akaenda kulala juani.

Mama mkwe hakucheka. Shemeji walicheka kwa niaba yake. Yeye alisema, "Maskini. Hata pa kulala anaonyeshwa." Kisha akageuka akanitazama mimi, kwa muda mrefu. Hajawahi kunitazama hivyo. Iliniuma, sifichi.

Mchana Bi Meneja akahamia gari la Profesa. Wakaenda kaskazini. Bwawa limejaa maji! Wamekuta chui na watoto wawili. Naambiwa mama yake Profesa alilia kwa furaha.

Jumapili, 9 Machi

Profesa ndiye mkuu. Nimempongeza kwa meno yote niliyo nayo.

Halafu Bi Meneja akaniita ofisini. Profesa hana mke, amekizoea kitanda chake, ameomba nyumba apewe mwenye familia. Yaani mimi. Kwa heshima yangu nikasema nitafikiria. Bi Meneja akaanza kurudisha ufunguo kwenye droo. Nikaudaka.

Nikampigia mke. Akasema mama yake ameridhia. Tangu jana anarudia kwamba yule bwana naye apatiwe pa kulala.

"Nitakuja," akasema. "Lakini jana nilikuomba dakika moja, hukunipa. Sikuwa naangalia nani mkubwa pale. Nilikuwa nawaangalia wawili wanaoishi pamoja."

Nikaahidi kwamba akifika tu nitampeleka kwa mbweha wale, sisi peke yetu, tukae kimya, awatazame mpaka atosheke. Akacheka kidogo. Nampenda sana. Nimeandika hivyo na sifuti.

Jumatatu, 10 Machi

Mke anahamia Alhamisi. Leo sina wageni, nimekwenda kuwachunguza mbweha mapema. Nimekaa hapo muda wa saa nne. Dume anawinda, jike anawinda. Jike analinda watoto, dume analinda watoto. Wanakula pamoja. Haiwezekani! Mkuu lazima yupo, ila anajificha.

Saa tano kasoro robo dume akatangulia kuingia shimoni. Nimeona mwenyewe! Nimerudi mbio kuandika hotuba, kurasa nne tu. Alhamisi nitamsomea kwa sauti ya chini kabisa, ili ihesabike kwamba tulikaa kimya.