Sukari Iliyopanga Foleni

Jumatatu, 4 Machi 1974
Nimetoka Kasulu mpaka huku Muleba kuja kuosha chupa za maabara. Ndiyo hali. Leo Dakta Kaijage kanieleza anachotafuta. Vijidudu vinavyoozesha migomba huvaa koti, na koti lenyewe ni mafuta na sukari! Sukari za aina nyingi, zimeshikana moja nyuma ya nyingine. Anataka kujua ipi imetangulia ipi. Mungu wangu! Duka la ushirika halina sukari tangu Krismasi. Sisi tunapanga foleni bure, kumbe kwa vijidudu sukari yenyewe ndiyo imepanga foleni!

Felicitas wa kibanda cha chai kasema mwanamume atakayemletea sukari, atampeleka kwa kaka yake wapange mahari. Muharami, mlinzi wetu, akacheka. Eti Muha huyu wa Kasulu atakuletea nini zaidi ya matope ya miguuni? Ngoja.

Jumatano, 6 Machi
Dakta kachemsha ndoo nzima ya vijidudu kwa dawa kali, harufu ya choo cha hospitali. Kakausha. Umebaki unga mweupe wa yale makoti, haujai kijiko. Ndoo nzima! Nimeuchukua hivyo hivyo. Mahali pake nimeweka unga wa muhogo. Mweupe ni mweupe.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeutia wote kwenye birika la Felicitas. Akanusa. Akaniuliza, waitu, ndugu yangu, hii ni chai au dawa ya kudekia choo? Wateja wakaondoka. Muharami akatoa chupa ya asali kotini. Asali! Nani alisema asali inaruhusiwa?

Ijumaa, 8 Machi
Asubuhi Dakta kapiga makofi. Karatasi yake ya kupimia sukari inaonyesha aina moja tu. Dunia haijaona koti la namna hii! Mchana akadondosha iodini kwenye ule unga. Ukawa buluu. Akasema, kwa sauti ndogo, huu ni muhogo. Akaniuliza umefikaje. Nikasema labda vijidudu navyo vimeitikia wito wa Siasa ni Kilimo. Alinitazama mpaka nikaanza kuosha chupa safi.

Jumapili, 10 Machi
Muharami kapelekwa kwa kaka mtu. Harufu ya matoke mpaka barabarani. Nimeapa: sigusi tena kitu cha maabara.

Jumatatu, 11 Machi
Dakta anaanza ndoo nyingine. Safari hii anataka yale mafuta.

Mafuta! Dukani hayapo tangu Januari. Na Ephrasia, mdogo wake Felicitas, anakaanga maandazi.

Unga wa muhogo bado ninao.